Antivairasi ya Mac ikiomba "Allow": ukubali, ubaki na ulinzi wa Apple, au uiachie ofisi?

Saivi Mac za mtumba zimekuwa nyingi hapa Tanga. Ukipita steshenari za Ngamiani unazikuta, studio za picha za harusi wanazo, mawakala wa forodha kule bandarini wanazo, na wanafunzi wanarudi nazo likizo kutoka Dar. Mtu akishainunua, kitu cha kwanza au cha pili anachofikiria ni antivairasi, maana kwenye Windows ndo alivyozoea. Anaidaunlodi, anabonyeza endelea, endelea, inafika katikati kinatokea kiboksi kimeandikwa "System Extension Blocked", chini yake kuna OK na kitufe kingine cha kufungua mipangilio. Wengi wanabonyeza OK kwa sababu ni neno wanalolijua, kiboksi kinapotea, ikoni ya antivairasi inakaa pale juu karibu na saa, basi mtu anajua kalindwa. Hajalindwa. Ile OK haijaruhusu kitu chochote, imefunga kiboksi tu.

Ndo maana nimeona nilinganishe njia tatu ambazo mtu anazo pale: kuruhusu mwenyewe kila kinachoombwa, kutoruhusu na kubaki na ulinzi uliokuja na Mac yenyewe, au kuiachia ofisi iruhusu kwa mbali. Hamna njia moja inayomfaa kila mtu, inategemea mashine ni ya nani, inafanya kazi gani na nani anaitunza. Ila kuna hali moja ambayo sitamshauri mtu yeyote abaki nayo, nayo ni nusu nusu, antivairasi imeinstoliwa, inakula RAM na bando, na haijaruhusiwa kufanya kazi yake.

Kwanza hiyo ekstensheni ni nini

Zamani antivairasi ya Mac ilikuwa inaingia mpaka kwenye kerneli, yani kiini cha mfumo, kule ambako kosa dogo linaangusha mashine nzima. Mwaka 2017 kwenye High Sierra, moja ya matoleo ya macOS yani mfumo wa Mac, Apple wakaanza kutaka mwenye mashine aruhusu kwa mkono wake kabla kitu cha kampuni nyingine hakijaingia huko. Mwaka 2019 kwenye toleo la Catalina wakaja na ekstensheni za mfumo, yani vipande vya programu vinavyoungwa kwenye mfumo, hizi zinafanya kazi nje ya kerneli: programu ikitaka kuanza au faili likitaka kufunguliwa, mfumo unaitaarifu antivairasi na unasubiri jibu lake kabla ya kuendelea. Na siyo kila kampuni inajiamulia tu kuitumia njia hiyo ya usalama, lazima iombe kibali maalum kwa Apple.

Kwa nini walihangaika hivyo, angalia kilichotokea kwa majirani. Tarehe 19 Julai 2024 apdeti moja yenye kasoro ya CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama, iliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft wenyewe, viwanja vya ndege vikakwama, hospitali zikakwama, maana draiva yao ilikuwa inakaa ndani ya kerneli. Mac hazikuguswa. Simaanishi Mac ni salama kwa kila kitu, namaanisha kile kiboksi kinachokuudhi kina sababu yake.

Nitakavyopima

Kila njia nitaiangalia kwa mambo matano: ulinzi unaoupata kwelikweli, faragha yani nani anaona nini, mashine ikileta shida, kazi ya kuweka na kutoa, na gharama pamoja na bando. Alafu nitasema inamfaa nani.

NJIA YA 1: Kuruhusu mwenyewe

Ulinzi. Hapa antivairasi inafanya kazi yake yote. Programu inakaguliwa kabla haijaanza, faili likitoka kwenye flashi linakaguliwa, na kama ina kichujio cha mtandao inaweza kuzuia tovuti feki ya benki kabla haijafunguka. Lakini ruhusa siyo moja, na hapa ndo watu wanakwama. Ya kwanza ni ekstensheni yenyewe. Ya pili ni "Full Disk Access", iliyokuja na Mojave mwaka 2018, bila hiyo antivairasi haizifikii barua pepe zako na mafolda kadhaa, na ulinzi wa papo kwa papo wenyewe haufanyi kazi inavyotakiwa. Ya tatu ni kichujio cha mtandao, nacho kina kiboksi chake. Ukitoa ya kwanza ukaacha ya pili ni sawa na kumpa mlinzi sare na rungu alafu ukamfungia nje ya geti.

Kitufe chenyewe kinahamahama kila toleo na ndo kinawapoteza wengi. Kwenye Catalina mpaka Monterey fungua "System Preferences", nenda "Security & Privacy", bonyeza lile kufuli chini kushoto uweke pasiwedi, ndo "Allow" inakubali kubonyezwa. Kwenye Ventura na Sonoma fungua "System Settings", ingia "Privacy & Security", shuka chini kabisa mpaka sehemu ya "Security", watu wanaishia juu hawashuki. Kwenye Sequoia wamehamisha tena, nenda "General" alafu "Login Items & Extensions", shuka chini utafute "Endpoint Security Extensions" na "Network Extensions", bonyeza kile kialama cha i uwashe. "Full Disk Access" yenyewe imebaki kwenye "Privacy & Security" kwa zote za karibuni.

Ukishamaliza usiiamini ikoni. Fungua Terminal, ile programu ya kuandikia amri inayokuja na Mac, andika systemextensionsctl list, bonyeza Enter. Ukiona jina la antivairasi yako na mbele yake "activated enabled" basi imekubali. Ukiona "activated waiting for user" maana yake mashine bado inakusubiri wewe, hata kama ikoni pale juu imekaa kimya imetulia. Hii ndo njia fupi ya kujua ukweli na haihitaji intaneti.

Faragha. Tuseme wazi, ukiruhusu vyote vitatu umeiruhusu kampuni ile kuona mafaili unayofungua, programu unazoendesha na tovuti unazotembelea. Hiyo ndo kazi yake, haiwezi kukulinda na kisichoonekana kwake. Kwa hiyo swali kubwa ni kampuni gani hiyo. Soma jina lililoandikwa kwenye kiboksi kabla ya kuruhusu, lilingane na ulichokiinstoli. Daunlodi kwenye tovuti yao wenyewe, siyo kwenye grupu la Telegram na siyo kwenye flashi ya rafiki. Na ndugu zangu, antivairasi ya kukraki ni jambo la kuogopa sana, unachukua kitu ambacho mtu usiyemjua amekibadilisha alafu unakipa ruhusa ya kuona kila kitu. Maelekezo yakianza kukwambia uzime SIP, ule ulinzi wa mfumo uliopo tangu El Capitan ya 2015, acha hapo hapo ufute.

Mashine ikileta shida. Ekstensheni ikianguka kwa kawaida haiangushi mashine, hilo ni jema. Shida zaidi iko kwenye kichujio cha mtandao, chenyewe kikigombana na mfumo intaneti inakata au inakuwa ya kusuasua. Sequoia ilipotoka Septemba 2024 programu kadhaa za usalama ziligombana nayo namna hiyo, Apple wakatoa 15.0.1 mwanzoni mwa Oktoba kurekebisha. Somo ni dogo tu, kama mashine ni ya kazi usikimbilie toleo jipya la macOS wiki ya kwanza, angalia kwanza antivairasi yako imeshasema inalikubali. Na mashine za zamani kama MacBook Air ya 2015 yenye RAM ya 4GB utaisikia feni inalia, ulinzi wa papo kwa papo una uzito wake. Antivairasi mbili kwa pamoja ndo usithubutu.

Kuweka na kutoa. Kuweka ni dakika chache kama unajua vitufe viko wapi. Kutoa tumia kiondoaji cha kampuni yenyewe, usiburute ikoni kwenye Trash ukadhani umemaliza, mabaki yake yanaweza kukusumbua baadae unapoweka nyingine.

Gharama. Zipo za bure na zipo za kulipia kwa mwaka, kwa dola, kwa kadi. Ongeza na bando, maana orodha za virusi zinajiapdeti mara kwa mara, kama unatumia hotspoti ya simu hilo utaliona.

Inamfaa: mwenye mashine yake mwenyewe, anayepokea mafaili ya watu wengi, na aliye tayari kusoma kiboksi kabla ya kubonyeza.

NJIA YA 2: Kutoruhusu, ubaki na ulinzi wa Apple

Ulinzi. Watu wengi hawajui kama Mac haiji mikono mitupu. Ndani kuna XProtect tangu 2009 inayokagua programu dhidi ya virusi vinavyojulikana, kuna Gatekeeper tangu 2012 inayoangalia nani katengeneza programu, na tangu 2022 kuna kipande cha XProtect kinachopita chenyewe nyuma ya pazia kusafisha kilichoshaingia. Vyote hivi havikuombi ruhusa ya ekstensheni. Hakikisha tu kwenye "Software Update", ukibonyeza ile i, kile cha "Install Security Responses and system files" kimewashwa, maana kuna watu wanazima apdeti zote ili kuokoa bando, wanazima na hii.

Upungufu upo na nitautaja bila kuuficha. Kazi yake ni virusi vya Mac. Steshenari inayopokea flashi za wateja kutwa nzima, ile shotikati vairasi ya Windows itakaa kwenye flashi haiguswi, Mac yako haitaumwa lakini mteja wa pili anaondoka nayo. Pia haikukingi sana na ujanja wa kukufanya wewe mwenyewe ufungue mlango. Tangu 2023 kuna kirusi cha Mac kinaitwa Atomic Stealer, kinajificha kwenye programu za kukraki na matangazo feki, kinakuletea kiboksi cha kuomba pasiwedi ya kompyuta, ukiiandika tu kinachota pasiwedi za kwenye brauza na vingine. Antivairasi iliyoruhusiwa ina nafasi ya kukidaka kabla hakijaanza, ulinzi wa Apple nao unaweza kukidaka kama toleo lile linajulikana, lakini vinatoka vipya kila mara. Mtu anayeishi kwa Photoshop ya kukraki ajue yuko kwenye foleni ya mbele kabisa.

Faragha. Hapa njia hii inashinda vizuri, hamna kampuni ya tatu inayoona mafaili yako.

Mashine ikileta shida. Hamna cha kugombana. Ila kuna hili la mashine za mtumba: ulinzi huu unaenda na mfumo, na mfumo una mwisho. Ile Air ya 2015 inaishia Monterey, na Monterey saivi haipati tena marekebisho ya usalama. Mashine ya namna hiyo usiipime kama Mac ya karibuni yenye chipu ya Apple ya M2 na mfumo mpya.

Kuweka na kutoa, hamna. Gharama ni bando la apdeti za macOS, na zile kubwa ni GB kadhaa, nenda nazo penye Wi-Fi.

Kuna katikati yake ambayo naiheshimu: unaweka skana ya kukagua kwa mkono, haina ulinzi wa papo kwa papo, unaiendesha mara moja moja au ukiwa na wasiwasi na faili. Hiyo siyo nusu nusu niliyoisema mwanzo, kwa sababu unajua wazi kwamba haikulindi muda wote.

Inamfaa: mwanafunzi, mwandishi, mtu anayechukua programu App Store au kwa watengenezaji wenyewe, hakraki, na mfumo wake bado unapata apdeti.

NJIA YA 3: Kuiachia ofisi iruhusu kwa mbali

Hii ni ya ofisi yenye mashine kuanzia tano, kumi hivi kwenda juu. Kuna mifumo ya kusimamia vifaa inayoitwa MDM, mashine inasajiliwa, alafu fundi akiwa Dar au Arusha anatuma mpangilio unaosema ekstensheni ya kampuni fulani, yenye ile namba yake ya utambulisho ya herufi kumi, iruhusiwe, na "Full Disk Access" ipewe. Mfanyakazi haoni kiboksi chochote.

Ulinzi. Ni ule ule wa njia ya kwanza, ila unakuwa sawa kwenye mashine zote. Chukulia ofisi ya forodha pale bandarini, asubuhi meli imeshatia nanga, mzigo unasubiri nyaraka, mtu gani atasimama kusoma kiboksi cha Kiingereza? Atabonyeza chochote kiondoke. Kwenye ofisi kama hiyo kuwaachia wafanyakazi waruhusu wenyewe maana yake nusu ya mashine zitakuwa "waiting for user" na bosi hajui.

Faragha. Hapa pagumu. Ofisi inayosimamia mashine inaweza kuifunga, kuifuta kwa mbali, na kuona programu zilizomo. Kama laptopu ni ya ofisi sawa, kama ni yako umeileta kazini fikiri mara mbili. Na wenye ofisi nao wakumbuke tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, taarifa za wateja na za wafanyakazi zina mwenyewe. Waandikieni wafanyakazi wenu mapema nini kinaonekana na nini hakionekani.

Mashine ikileta shida. Kosa la msimamizi mmoja linafika kwenye mashine zote kwa pamoja, hivyo fundi mzuri anajaribu kwenye mbili tatu kwanza. Faida yake ni kwamba na suluhisho linafika kote kwa pamoja.

Kuweka na kutoa. Mwanzo ni kazi, unataka mtu anayeijua kweli, baadae ni rahisi kuliko zote. Gharama ni ada ya kila mashine juu ya bei ya antivairasi, na fundi wa kumlipa.

Hapa niongeze jambo la mtumba ambalo linaumiza watu. Mac nyingine zinafika hapa bado zimesajiliwa kwenye MDM ya kampuni ya nje iliyoziuza. Kabla hujatoa hela fungua "System Settings" uangalie kama kuna "Device Management", kwenye matoleo ya karibuni iko ndani ya "General", na kama muuzaji atakubali iwekwe upya kabisa mbele yako uone kama wakati wa kuseti inataja jina la kampuni. Ikitaja, wao ndo wanaamua nini kiruhusiwe kwenye mashine uliyoinunua wewe, na wanaweza kuifunga. Usichukue mpaka waiondoe.

Inamfaa: ofisi, shule binafsi, mashirika yenye matawi Muheza, Pangani, Lushoto, ambako fundi hawezi kupanda gari kila kiboksi kikitokea.

KWA HALI YAKO

Kama una steshenari na flashi za watu zinaingia kutwa, nenda njia ya kwanza, toa ruhusa ya ekstensheni na "Full Disk Access" zote mbili. Kichujio cha mtandao unaweza kukiacha kama mashine ni dhaifu, utapoteza ukaguzi wa tovuti tu.

Kama ni studio na mnafanya video nzito, pimeni. Ulinzi wa papo kwa papo unagusa kila faili na mradi wa video una mafaili maelfu. Antivairasi nyingi zinakubali kuiruka folda moja, irukeni ya miradi na muache "Downloads" ikaguliwe, maana huko ndo mabaya yanakoingilia.

Kama ni mwanafunzi una Mac inayopata apdeti na hela ni ya kubana, njia ya pili inakutosha, ila achana na vya kukraki kabisa, njia hii inasimama juu ya hilo.

Kama umeshaweka antivairasi na hujui kama uliruhusu au hukuruhusu, usianze upya. Endesha ile amri ya Terminal. Ikionyesha inasubiri, amua leo, ruhusu au iondoe. Na kama umefika kwenye mipangilio huioni "Allow", kwenye matoleo ya zamani ilikuwa inakaa nusu saa tu baada ya kiboksi alafu inapotea, zima mashine uwashe, fungua antivairasi tena nayo itaomba upya.

Kama una Mac yenye chipu ya M1 au ya baada yake na antivairasi inakutaka uzime mashine, ushikilie kitufe cha kuwashia mpaka uingie Recovery, sehemu ya kurekebishia mfumo, upunguze usalama uwe "Reduced Security", hiyo inataka kuingia kwenye kerneli kwa njia ya zamani. Karibu kila mara ni toleo lililopitwa na wakati. Usipunguze kitu, rudi kwenye tovuti ya watengenezaji utafute toleo jipya lenye ekstensheni ya mfumo, na kama hawana, chagua kampuni nyingine.